Babu wa babu yako alikuwa anafanya kazi gani? Kufuatilia kazi za wazee wetu Bagamoyo na mwambao

Mtu wa Bagamoyo ukimuuliza babu wa babu yake alikuwa nani, mara nyingi atakupa jina. Atakwambia pia kabila, na pengine kijiji: Kaole, Mlingotini, Winde, Saadani. Sasa ongeza swali la pili: "Alikuwa anafanya kazi gani?" Hapo ndipo utasikia "alikuwa mkulima tu", au "alikuja na misafara", au lile jibu maarufu, "mambo ya zamani hayo, nani anajua."

Makala hii inahusu hilo swali la pili. Kwa mtu anayetafuta historia ya ukoo wake, swali la kazi lina faida kuliko swali la kabila, na hata kuliko swali la jina. Jina hubadilika: mtu akisilimu anapata jipya, akibatizwa anapata jingine, akiajiriwa karani anamwandika anavyosikia. Kabila nalo hubadilika, maana pwani yetu imejaa watu waliofika Wanyamwezi au Wamanyema na wajukuu wao wakawa Waswahili au Wazaramo. Kazi ni tofauti kidogo. Kazi inaacha vifaa ndani, inaacha njia mtu aliyopita, inaacha aina ya fedha aliyolipwa, na wakati mwingine inaacha karatasi yenye jina lake. Ukiishika kazi, una kamba ya kuvuta.

Twende hatua kwa hatua.

Kwanza kabisa, piga hesabu ya vizazi

Kabla hujaenda kumsumbua bibi na maswali, chukua kalamu. Una wazazi 2, babu na bibi 4, wazazi wao 8, na ngazi inayofuata, ile ya babu wa babu, ina watu 16. Watu 16! Lakini familia nyingi zinamkumbuka mmoja au wawili tu, na kwa kawaida ni yule aliyekuwa na cheo, mali au kisa cha kusimulia. Wengine 14 walilima, walivua, walipika, walikwea minazi, walibeba mizigo, na hawasimuliwi. Kwa hiyo ukisema "sisi ni ukoo wa fulani", ujue unazungumzia sehemu moja kati ya kumi na sita.

Sasa weka miaka. Kizazi kimoja ni kama miaka 25 hadi 30. Ukizaliwa mwaka 2000, babu wa babu yako alizaliwa kati ya 1880 na 1900 hivi. Mtu huyo alikuwa na nguvu za kufanya kazi kuanzia karibu 1900 na kuendelea. Ukitaka babu aliyekuwa mtu mzima enzi za misafara mikubwa ya pembe za ndovu, miaka ya 1870, itabidi upande vizazi vitano au sita. Hesabu hii ni nyepesi, lakini ndiyo inayovunja hadithi nyingi za familia, kama tutakavyoona.

Wazee hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, lakini walikuwa na matukio. Wataalamu wa idadi ya watu hutumia kitu kinachoitwa kalenda ya matukio: badala ya kuuliza "alizaliwa mwaka gani", unauliza "alizaliwa kabla au baada ya nini?" Kwa mwambao wetu, matukio ya kushikilia ni kama haya: tufani kubwa ya Aprili 1872 iliyopiga Zanzibar na Bagamoyo; vita vya Abushiri na Wajerumani, 1888 hadi 1889; makao makuu ya Wajerumani kuhamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, 1891; kodi ya nyumba ya Wajerumani, 1898; Maji Maji, 1905 hadi 1907; Waingereza kuiteka Bagamoyo kutoka baharini, Agosti 1916.

Fedha nayo ni kalenda. Mzee akisimulia kwamba baba yake alilipwa kwa riale, uko karne ya 19. Akitaja rupia na heller, uko kati ya 1904 na vita vya kwanza au muda mfupi baadaye. Akitaja shilingi, umeshaingia miaka ya 1920. Hii ni njia nzuri kwa sababu watu wengi hawakumbuki mwaka, ila malipo wanakumbuka.

Mji wa kazi nyingi

Kwenye vitabu vya shule Bagamoyo inaonekana kama mahali pa watumwa na pembe za ndovu, basi. Lakini hebu fikiria mji unaopokea na kusafirisha misafara ya mamia ya watu. Nani anawapikia? Nani anafunga mizigo? Nani anapima pembe? Nani anajenga na kuziba majahazi yanayovuka kwenda Unguja?

Msafara peke yake ulikuwa na ngazi za kazi. Mpagazi alibeba mzigo, kwa kawaida karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Kirangozi alitangulia mbele na kuongoza njia. Mnyapara alisimamia kundi. Walikuwepo askari wa kulinda, wapishi, wakalimani, na wake wa wapagazi waliotembea nao na kufanya kazi bila kuandikwa popote. Kwenda, mizigo ilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na waya. Kurudi, pembe. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na walikuja wakati wa kiangazi na kurudi kwao kulima. Yaani kwa wengi wao upagazi ulikuwa kazi ya msimu, na wengine walibaki pwani.

Kuajiri wapagazi nako kulikuwa biashara. Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyefariki 1897, alijulikana kwa kuwapatia wasafiri wa Kizungu watu na bidhaa. Stanley alimtaja kwa jina mwaka 1871 alipokuwa akitafuta wapagazi Bagamoyo. Baadaye mali ya Sewa Haji ilijenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam.

Halafu kuna kazi ambazo hazikwenda bara kabisa: nahodha na mabaharia, mafundi wa majahazi wenye tezo na keekee, mafundi kalafati wa kuziba nyufa kwa pamba na mafuta, wavuvi wa dema, wa nyavu na wa mshipi, wapika chumvi, wakata mikoko na boriti, wakwezi waliopanda minazi kwa ajili ya nazi, na wagema waliopanda kwa ajili ya tembo. Mkwezi na mgema wote wako juu ya mnazi, lakini kwa watu wa pwani hizo ni kazi mbili tofauti na heshima tofauti.

Reli ya Kati ndiyo iliyobadilisha mchezo. Ujenzi ulianza Dar es Salaam 1905, treni ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Treni ikishafika Tabora, nani tena atamlipa mpagazi wa kutembea miezi mitatu? Kwa hiyo ukiona kwenye ukoo wenu baba alikuwa mtu wa misafara na mtoto akawa mkulima wa minazi au kibarua wa shamba la katani, usidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Mji mzima ulibadilishiwa kazi ndani ya kizazi kimoja.

Maneno yenyewe yanakumbuka

Kabla ya nyaraka, sikiliza lugha. Neno kibarua linatokana na barua: barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa. Baadaye jina la karatasi likamwangukia mtu mwenyewe. Kipande ni hivyo hivyo: kadi ya kazi iliyowekewa alama kila siku, na kwenye mashamba ya katani enzi za Waingereza kipande kimoja kilikuwa siku 30 za kazi. Mzee akikwambia "baba alikuwa na vipande Pangani", hazungumzii vipande vya mkate. Anakwambia baba yake alikuwa mfanyakazi wa shamba.

Na Kariakoo? Wengi wanajua ni soko. Asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, kilichokuwa na kambi pale. Kila daladala inayoandika Kariakoo inatangaza kazi ya babu wa mtu.

Vyeo vya mbele ya majina pia vinasema: Fundi, Nahodha, Mwalimu, Jumbe, Akida, Diwani, Mwinyi. Angalia tu usikimbilie. Mwinyi au Diwani inaelekeza kwenye nasaba na uongozi wa mji, si lazima kwenye kazi ya kila siku. Na Fundi inaweza kuwa fundi wa mlango, wa chombo, wa nguo au wa ngoma. Uliza: fundi wa nini?

Mfano: "Babu yetu alimbebea mizigo Stanley"

Tuchukue familia ya kufikirika, maana hadithi kama hii iko kwenye nyumba nyingi. Familia inasema babu mkubwa alikuwa mpagazi wa Stanley. Bibi aliye hai alizaliwa 1945. Baba yake alizaliwa karibu 1910, na bibi ana uhakika kwa sababu alikuwa akisema alikuwa mtoto mdogo Waingereza walipoingia. Babu mkubwa ni baba wa huyo, kwa hiyo tumweke karibu 1880.

Sasa, Stanley aliingia Bagamoyo mara ya mwisho Desemba 1889, akitoka bara pamoja na Emin Pasha. Babu mkubwa alikuwa na umri wa miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa habebi kilo 30 kutoka Kongo.

Je, familia inadanga? Hapana. Kuna uwezekano wa aina tatu.

La kwanza, kizazi kimoja kimemezwa. Wanaosoma masimulizi ya mdomo wanalijua jambo hili vizuri: watu wa katikati husahaulika, na mzee wa zamani sana huvutwa karibu. Pengine aliyekwenda na Stanley ni baba wa babu mkubwa.

La pili, alikuwa mpagazi kweli, ila wa Mzungu mwingine. Stanley ndiye aliyebaki kwenye vitabu na vibao vya watalii, kwa hiyo majina ya wengine yalimezwa na jina lake.

La tatu, na kwa mwaka huo wa kuzaliwa ndilo lenye nguvu kuliko yote: alikuwa mpagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1916 alikuwa na miaka 36. Pande zote mbili zilichukua wanaume kwa mamia ya maelfu kubeba chakula na risasi, wengi kwa nguvu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wapagazi waliokufa yanafika karibu 95,000, wengi kwa maradhi na njaa badala ya risasi. Majina yao hayakuandikwa kwenye makaburi kama ya askari wa Kizungu, na mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba hawakukumbukwa kwa usawa.

Utatofautishaje? Kwa kuuliza habari za kazi yenyewe. Alibeba nini: nguo na pembe, au mahindi na masanduku ya risasi? Alikwenda wapi: Tabora na Ujiji, au Rufiji na Mahenge? Alilipwa riale au rupia, au hakulipwa kabisa? Alikwenda kwa hiari, au alikamatwa? Bibi anaweza asijue mwaka hata mmoja, lakini akakwambia: "Alisema walikuwa wakifa njiani kwa kuhara, na mvua ya Rufiji haikukatika." Sentensi hiyo inakupeleka vitani, na inamweka babu mahali pake: mtu aliyepona kwenye jambo lililoua maelfu ya wenzake. Kwangu mimi habari hiyo ni kubwa kuliko kumbebea Stanley sanduku.

Namna ya kuuliza wazee

Mzee ukimuuliza "nipe historia ya ukoo", atakupa orodha ya majina na nasaha. Muulize kuhusu siku ya kawaida. Mfano:

- Shikamoo bibi. Mzee alikuwa akitoka nyumbani wakati gani? Alfajiri, au kwa maji kupwa na kujaa?
- Alikuwa na vifaa gani, na vilikaa wapi ndani ya nyumba? Nani alivirithi?
- Alijifunza kwa nani? (Ufundi hufundishwa, na mwalimu wa ufundi mara nyingi ni mjomba au mkwe. Hapo unapata ndugu wapya.)
- Nani alimlipa, na kwa nini aliacha?
- Aliwahi kusafiri? Alirudi na nini?
- Shamba la minazi lilikuwa lake, au alikuwa akiangua kwa mwenzake?

Swali la mwisho hilo ulizeni kwa adabu, maana linaweza kugusa mirathi inayogombewa hadi leo. Mwenye minazi si lazima awe mwenye ardhi, na aliyetunza shamba miaka 40 si lazima awe mwenye minazi.

Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Usimkatize hata akienda pembeni. Mara nyingi kazi iko hapo pembeni. Kisha nenda kwa mzee wa pili, ikiwezekana wa upande mwingine wa familia, uulize yale yale bila kumwambia wa kwanza alisema nini. Wakikubaliana bila kusikilizana, umepata kitu. Wakitofautiana, usichague unayempenda. Andika yote mawili.

Makaratasi yako wapi?

Hapa watu hukata tamaa mapema, wakidhani wazee wetu hawakuandikwa. Waliandikwa, ila na watu waliokuwa na haja zao: mmisionari alitaka roho, serikali ilitaka kodi, mahakama ilitaka kumaliza ugomvi. Ukijua nani aliandika na kwa nini, unajua utafute wapi.

Misheni. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868. Waliwapokea watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wakawapa makazi kwenye kijiji chao, na wakawafundisha kilimo na ufundi kama useremala na uashi. Rejista za ubatizo na ndoa ndizo za kuanzia kwa familia za Kikatoliki. Misheni iliandika pia kumbukumbu za kila siku kwa Kifaransa, na kumbukumbu nyingi za shirika hilo zimehifadhiwa Chevilly-Larue, karibu na Paris. Kumbuka kwamba familia za wakombolewa zilihamishiwa misheni mpya za bara, kama Mhonda (1877) na Mandera. Kwa hiyo wewe wa Morogoro unayesoma hapa, Bagamoyo inaweza kuwa kwenu pia.

Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Kuna majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyobaki, majalada ya Waingereza, na vile vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika habari za majumbe, koo, kodi na kazi. Visome kwa jicho kali: ofisa aliandika alichoambiwa na wakubwa wa mji, na wakubwa wa mji walikuwa na sababu zao. Uliza taratibu za kibali kabla hujafunga safari.

Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani. Bagamoyo na Unguja zilikuwa nyumba moja kwa biashara, kwa hiyo mikataba ya mikopo, mauzo ya nyumba na mashamba inaweza kumtaja mtu wa mwambao. Baada ya amri ya Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, watu walikwenda mahakamani kudai uhuru wao, na hilo nalo liliacha maandishi.

Ujerumani. Majalada ya wizara ya makoloni yako kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani mjini Berlin, na mengi yamewekwa mtandaoni. Mwandiko wa zamani wa Kijerumani ni mateso, sitakuficha, lakini siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosaidia kuusoma.

Vitabu na magazeti ya Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa eneo la Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa 1903 na Carl Velten, kimetokana kwa sehemu kubwa na maandishi yake. Kimejaa habari za kazi, safari, madeni na sherehe. Huenda humo usimkute babu yako kwa jina, lakini utaikuta siku yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam 1923, lilichapisha barua na habari za wilayani, na walimu na makarani wengi waliandika humo.

Na usisahau sanduku la nyumbani. Risiti ya kodi, kadi ya kazi, hati ya shamba kwa herufi za Kiarabu, Qur'ani yenye tarehe za kuzaliwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Kabla hamjagawana vyombo vya marehemu, pigeni picha karatasi zote. Mchwa wa Bagamoyo hawasubiri mtafiti.

Utumwa haukuwa kazi

Tufike penye uzito. Ukifuatilia kazi za wazee wa mwambao kwa uaminifu, uwezekano ni mkubwa kwamba kati ya wale 16 utakutana na mtu aliyekuwa mtumwa, au aliyekuwa na watumwa, au wote wawili kwenye ukoo mmoja. Na si mbali kama tunavyodhani. Wajerumani hawakufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa kwa watumwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru, na waliwapa baadhi ya watu hati za uhuru. Sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Mtu aliyezaliwa 1895 angeweza kuwa mtumwa hadi umri wa miaka 27. Huyo ni babu wa babu wa kijana wa leo.

Ndiyo maana maswali mengine hukutana na kimya. Wapo wanaoambiwa hadi leo, kwenye posa au kwenye kikao cha mirathi, kwamba "wale si wenzetu". Kwa hiyo ukimya wa bibi yako unaweza usiwe usahaulifu. Unaweza kuwa ulinzi, na unakulinda wewe.

Kinachosaidia ni kutenganisha mambo mawili. Utumwa ulikuwa hali mtu aliyowekwa. Kazi ni kile alichokijua na kukifanya. Watu wawili waliweza kubeba mizigo ya uzito ule ule kwenye msafara ule ule, mmoja akiwa huru anayeweka ujira wake, mwingine akiwa mtumwa anayegawana ujira na bwana wake. Ukiandika "mtumwa" ukaishia hapo, umemwandika kwa kalamu ya bwana wake. Andika alivyokuwa: mpishi, mwashi, mkwezi, mlezi, baharia.

Mfano mzuri ni Chuma, mmoja wa walioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo Februari 1874. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa 1861, akasoma India, akawa mtumishi wa safari, na mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa msafara wa wapelelezi wa Kiingereza kutoka Dar es Salaam kwenda maziwa makuu. Mtu mmoja, maisha matano. Ungekutana naye kwenye karatasi moja tu, ungedhani umemjua.

Majina kama Feruzi, Almasi, Mabruki au Faraji walipewa sana watumwa, na watafiti huyaona kama dalili. Dalili, si ushahidi. Watu huru nao walikuwa nayo, na leo ni majina ya kawaida. Usimtangazie mtu asili yake kwa sababu ya jina la babu yake. Na ukipata ushahidi wa kweli, zungumza na wazee wa ukoo kwanza kabla hujaupeleka kwenye grupu la WhatsApp la familia.

Na bibi wa bibi je?

Karani aliandika mwanamume kwenye kodi, nahodha kwenye chombo, askari kwenye mshahara. Mwanamke aliandikwa kama mke wa fulani. Kwa hiyo kwa bibi zetu makaratasi yanasaidia kidogo, na vifaa na ujuzi vinasaidia zaidi. Nani alimfundisha bibi kusuka mkeka wa namna hii? Nani alikuwa mkunga wa mtaa, nani kungwi? Nani alipiga makumbi ya nazi na kusokota kamba? Nani alikwenda kutanda pwani maji yakipwa? Ujuzi unaopita kutoka mama kwenda binti ni nasaba iliyoandikwa kwa mikono, na ukiuliza nani alimfundisha nani unaweza kupanda vizazi vitatu bila karatasi hata moja.

Kipimo cha DNA hakiwezi kunimalizia kazi?

Swali zuri, na jibu ni: kinakusaidia kwingine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya Waswahili kati ya 1250 na 1800. Kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya DNA ilitoka kwa wazee wa Kiafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000.

Hiyo inatuambia damu zilikutana. Haituambii nani alikuwa nahodha na nani mpishi. Tena kila mmoja wa wale 16 anakuchangia wastani wa asilimia 6.25 tu ya DNA yako, na ukipanda ngazi moja zaidi ni karibu asilimia 3. DNA haina tezo, haina risiti, haina riale. Kazi inabaki kwenye kumbukumbu za watu na kwenye karatasi.

Na kati ya hivyo viwili, karatasi inaweza kungoja. Jalada la Berlin litakuwepo mwakani. Mzee wa miaka 85 aliyemwona kwa macho yake mtu aliyezaliwa enzi za Wajerumani ndiye daraja la mwisho kufika huko, na kila mwaka madaraja hayo yanapungua. Kwa hiyo likizo hii, au Sikukuu ijayo mkikutana nyumbani, mtafute mkubwa kuliko wote, mwamkie, kaa chini kwenye mkeka, na umuulize: mzee alikuwa akitoka nyumbani wakati gani, na alibeba nini mkononi?